Tahadhari za volkano za USGS (shirika la jiolojia la serikali ya Marekani) kwa baruapepe: bure, ila uzisome vizuri

Kujiandikisha ni bure: unachagua volkano, unachagua aina ya taarifa, basi. Usichague kila kitu. Kīlauea ya Hawaii peke yake yatosha kukujazia kikasha.

Kila taarifa ina ngazi ya tahadhari kwa walio ardhini, na rangi kwa marubani: kijani, njano, chungwa, nyekundu. Hivi viwili si lazima vilingane, maana lava inaweza kutishia nyumba huku anga likiwa halina majivu.

Utamu uko kwenye maelezo ya chini. Humo mna matetemeko, kuvimba kwa ardhi, na tani za gesi ya salfa dioksaidi kwa siku. Vikipanda kwa pamoja, huenda magma (mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi) inapanda. Gesi ikipungua ghafla, usishangilie, huenda njia imeziba. Pinatubo, Ufilipino, mwaka 1991 ilitoa zaidi ya tani 5,000 kwa siku mwishoni mwa Mei, ikashuka sana mwanzoni mwa Juni, na tarehe 15 ikalipuka vibaya.

Pia jua aina ya magma. Ya Kīlauea ina silika (kitu kinachofanya magma inate) kama asilimia 50, inatiririka kirahisi, gesi inajitokea zake. Ya St. Helens, mlima wa jimbo la Washington, ina zaidi ya 60, inanata, inabana gesi mpaka mlima upasuke.

Kasoro kubwa: inahudumia volkano za Marekani na maeneo yake tu. Aliyeko Goma hataipata Nyiragongo humu.