Darubini ya 8x42 niliyopanda nayo Mlima Meru

Darubini yangu ya kwanza ya macho mawili niliinunua mtaani Arusha. Ilikuwa imeandikwa 30x60 kwa herufi za dhahabu, nami nikavutwa na ile 30, yaani kukuza mara 30. Nilipofika nayo kwenye maziwa ya Momella, heroe wa ng'ambo ya maji walikuwa madoa ya waridi yanayotetemeka, na baada ya nusu saa kichwa kilianza kuniuma. Nyumbani nikaipima lenzi ya mbele kwa rula ya mwanangu: milimita 22. Ile 60, ambayo ingepaswa kuwa upana wa lenzi hiyo, ilikuwa ya uongo, na 30 sikuiamini tena.

Nikadunduliza miezi kadhaa, nikanunua Nikon Monarch M5 ya 8x42. Inakuza mara 8, na lenzi ya mbele ina upana wa milimita 42. Ukigawanya 42 kwa 8 unapata milimita 5 na ushei, ndio upana wa mwanga unaoingia jichoni. Zile ndogo za mfukoni za 8x25 zinakupa 3 tu. Juani hutaona tofauti kubwa, ila ingia msituni uone.

Mimi niliiona siku ya kwanza ya kupanda Meru, njiani kutoka lango la Momella kwenda vibanda vya Miriakamba. Mbega walikuwa juu kabisa ya mti, kivulini, na jua lilikuwa limeshaanza kushuka. Kwa macho matupu niliona mikia myeupe inaning'inia, basi. Kwa darubini nikamwona mama amempakata mtoto mweupe pee, nikahesabu hata vidole. Askari wa hifadhi aliyetusindikiza alikuwa na 10x42, tukabadilishana. Yake ilisogeza karibu zaidi, lakini tulikuwa tumetoka kupanda, moyo unadunda, na picha ikawa inacheza na kila pumzi. Akaishika yangu kimya muda mrefu, kisha akasema, "Dada, hii imetulia."

Kama unatazama nyumbu kwenye uwanda wa Serengeti, viwiko umeviegemeza dirishani mwa gari, chukua 10. Kwa anayetembea kwa miguu, 8 inatosha kabisa.

Jambo lililonifurahisha zaidi linahusu miwani. Mimi navaa, na ile ya zamani ilinionyesha kiduara kidogo kama ninachungulia tundu la ufunguo. Hii inakubali jicho likiwa milimita 19.5 kutoka kwenye kioo, kwa hiyo nashusha vikombe vya mpira vya upande wa macho na kutazama bila kuvua miwani. Usisahau pete iliyo upande wa jicho la kulia. Funika lenzi ya kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione sawasawa, kisha funika ya kushoto na urekebishe la kulia kwa ile pete. Unafanya mara moja tu. Watu wengi hawaigusi kabisa, halafu wanalaumu darubini.

Kwenye vibanda vya Saddle, mita 3,570, baridi ni kali. Kioo cha nje kilipata ukungu wa pumzi yangu, nikaufuta kwa kitambaa. Ndani kulibaki safi, kwani imejazwa naitrojeni na kuzibwa. Kutoka Meru Ndogo nikaielekeza Kilimanjaro, na barafu ya Kibo ikajitenga na mwamba, nikaona mpaka kingo zake.

Uzito ni gramu 630, na shingo inaujua kufikia saa sita mchana. Mimi huivaa mshazari, kamba ikipita begani, hasa wakati wa kuteremka.

Ukienda kununua, usiijaribu ndani ya duka. Toka nje, elekeza kwenye kibao cha ng'ambo ya barabara, macho yote mawili wazi. Herufi zikionekana mbilimbili hata baada ya kurekebisha, irudishe: mirija miwili ya darubini haijalingana, na macho yako yatahangaika kuunganisha picha zake. Ile ya herufi za dhahabu nilikuja kuijaribu hivyo baadaye, nikajua kichwa kilikuwa kinauma kwa nini.