Kusomea Udaktari China: Uzoefu Wangu

Kwa mhitimu wa kidato cha sita mwenye ufaulu mzuri wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) ambaye amekosa nafasi katika vyuo vya udaktari vya nyumbani Tanzania kama Muhimbili, KCMC au Bugando, China ni njia ya kweli ya kuufikia udaktari, nami nimeipita hadi mwisho katika chuo kikuu kimoja cha jimbo la Jiangsu. Miaka ya mwanzo iliniridhisha kabisa: tulifundishwa kwa Kiingereza, maabara zilikuwa na vifaa vya kutosha, na katika chumba cha anatomia kila mwanafunzi alishika kisu na kupasua mwenyewe.

Ugumu ulianza wodini. Wagonjwa hawazungumzi Kiingereza, na wazee wengi huongea lahaja za kwao, ambazo Kichina sanifu tulichosoma hakikutuwezesha kuzifuata. Namkumbuka bibi mmoja mwenye maradhi ya moyo aliyemsimulia daktari kwa kirefu namna ugonjwa ulivyomwanza, akigusa kifua, kisha miguu yake iliyovimba, nasi tukatafsiriwa sentensi moja tu. Daktari hujifunza kazi kwa kumhoji mgonjwa, kwa hiyo anayekwenda huko asome Kichina kwa bidii tangu muhula wa kwanza, wala asiridhike na kufaulu ngazi ya nne ya HSK, mtihani wa Kichina kwa wageni.

Kuna pia suala la magonjwa yenyewe. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliithibitisha China kuwa imetokomeza malaria, na ni jambo la kupongezwa, lakini daktari atakayepangiwa Geita au Kigoma hana budi kuwa amemhudumia mtoto mwenye malaria kali. Mimi nilimhudumia wa kwanza nikiwa mtarajali, yaani daktari aliye katika mafunzo ya kazi baada ya chuo, hapa nyumbani, na wauguzi wa wodi ya watoto ndio walionielekeza.

Wakala aliyenishughulikia hakuyagusa haya; alizungumzia ada na mabweni tu. Kabla ya kulipa chochote, pata hati ya kutokuwa na pingamizi kutoka Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Ukirudi, tume hiyo hiyo ndiyo itakayoitambua shahada yako, kisha utafanya mtihani wa Baraza la Madaktari Tanganyika kabla ya kuanza utarajali. Kilichonisaidia kuufaulu ni kuusoma mwongozo wa matibabu wa Tanzania nikiwa bado chuoni, na kujitolea katika hospitali ya wilaya kila nilipokuja likizo.