Hoteli ya kulala Mbeya na Iringa msimu wa joto: kiyoyozi achana nacho, kagua dirisha

Mama mmoja wa Dodoma alikuja Mbeya mwezi wa kumi na moja kwa mahafali ya bintiye. Akachukua chumba kwenye hoteli mpya ya ghorofa, shilingi 60,000 kwa usiku, chai ndani. Akaniandikia alfajiri, bado hajalala: chumba kilikuwa tanuri la matofali. Alisogeza pazia afungue dirisha apate hewa, akakuta dirisha kubwa la kupendeza linalotazama korido. Ng'ambo ya korido, mlango wa chumba kingine. "Dada, si huwa unasema Mbeya ni baridi?"

Mbeya ni baridi, mama. Nje.

Mji huu uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Hata Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijashika, ukikaa nje saa nne usiku utatafuta sweta. Kwa hiyo joto linalokutesa chumbani ni la lile jengo. Limekusanya jua mchana kutwa, na usiku halina pa kulitolea. Ndiyo maana sitaongelea televisheni, intaneti wala supu ya asubuhi. Hayo utayaona mwenyewe, na mapokezi watakuimbia hata usipouliza. Mimi naongelea dirisha.

Kwanza liwe linatazama nje. Usicheke. Wajenzi wa siku hizi wanabana vyumba kulia na kushoto, vya katikati vinabaki kupumulia korido, na bei ni ileile. Pili, linafunguka kiasi gani? Haya madirisha ya aluminiamu ya kusukuma yana vioo viwili: ukifungua kimoja kinakwenda kujificha nyuma ya mwenzake, kwa hiyo hata ukifungua mpaka mwisho umepata nusu. Zile luva za zamani tunazozidharau zinaachia karibu dirisha zima, na mvua ikinyesha unazilaza kidogo hewa inaendelea kuingia. Najua, zinaleta vumbi, na mwezi wa sita zinapitisha baridi mpaka unalala na soksi. Oktoba nitazichagua bila kusita.

Tatu, wavu. Dirisha lisilo na wavu ni dirisha la mchana tu, maana jioni mbu wanakulazimisha ulifunge. Na ukija zikianguka mvua za kwanza, ukaacha taa inawaka na dirisha wazi, kumbikumbi watajaa kitandani. Wenyeji watafurahi, wewe hutafurahi. Chandarua juu ya kitanda ni kizuri lakini hakichukui nafasi ya wavu, kwa kuwa kinazuia hata ule upepo mdogo uliobaki.

Halafu hewa ikiingia lazima iwe na pa kutokea. Nyumba za zamani ziliachiwa matundu ya hewa juu ya dirisha, mafundi wa sasa wanayaziba kwa lipu ili ukuta "upendeze". Njia ya mkato ninayowaambia wageni wangu: chukua chumba ambacho bafu lake lina dirisha kwenye ukuta mwingine wa nje. Acha mlango wa bafu wazi, fungua dirisha la chumbani, upepo unapita katikati na kiyoyozi hukikumbuki tena. Feni, iwe pangaboi au ya kusimama, haipoozi hewa, inaizungusha tu. Kwenye chumba kisichopumua inakurudishia joto lako mwenyewe usoni, na TANESCO wakikata hata hilo hulipati.

Juu ya kichwa chako nako kuangaliwe. Katikati ya Oktoba jua la saa sita mchana linapita utosini kabisa huku kwetu, Mbeya na Iringa zote, kwa hiyo linalochomwa kuliko vyote ni paa. Ghorofa ya juu kabisa chini ya bati lenye dari nyembamba ni adhabu ya mchana. Chini ya zege tupu ni mbaya zaidi, sababu zege linaanza kuachia joto wakati wewe unataka kulala. Omba chumba cha ghorofa ya chini yake. Jua la jioni linapiga ukuta wa magharibi, basi usikubali kuoneshwa chumba asubuhi. Nenda saa kumi jioni, weka kiganja kwenye ukuta ule. Ukiwa wa moto, shukuru, ondoka.

Sasa nani awe wa kwanza? Nina upendeleo na siufichi: hosteli za makanisa, za Moravian na za KKKT (Walutheri) hasa. Wamisheni wao walifika Rungwe mwaka 1891, umeme haupo, kwa hiyo walijenga kwa akili ya mtu anayetegemea upepo: baraza pana, paa lililoshuka kufunika kuta, madirisha pande mbili, miti uani. Hosteli zenyewe si za umri huo, ila mtindo ule nauona katika nyingi nilizofika. Nyingi ni majengo ya chini, ndani ya uwanja wa kanisa, mbali na barabara kuu. Geti linafungwa mapema, bia hakuna, na kengele inaweza kukuamsha kabla ya jogoo. Wenzangu wa baa mtanisamehe.

Nafasi ya pili nawapa wale waliogeuza nyumba za kuishi kuwa lodji ndogo mitaa ya juu: Forest na Uzunguni kwa Mbeya, upande wa mlima Loleza, Gangilonga kwa Iringa. Vyumba vichache, bustani, madirisha ya ukubwa wa kawaida. Udhaifu wao ni mmiliki anayeongeza vyumba uani kwa fujo, na hivyo vya nyongeza ndivyo mgeni wa kuchelewa hupewa. Sema mapema unataka chumba ndani ya nyumba kubwa yenyewe.

Hoteli za zamani za katikati ya mji ni za tatu. Zulia limechoka, bomba linalia, lakini dari iko juu na ukuta ni mnene. Ukitaka kujua ukuta mnene unafanya nini, Iringa ingia mchana kwenye Boma, lile jengo la Wajerumani ambalo sasa ni makumbusho, kisha utoke nje.

Magorofa ya vioo kando ya barabara kuu, kuanzia Uyole, Mwanjelwa mpaka Mafiati, nayaweka mwisho kabisa. Hata ukibahatika dirisha la nje, malori ya kwenda Tunduma na Zambia yanapita usiku kucha, kwa hiyo unachagua kati ya joto na honi. Ipogolo pale Iringa ni hivyohivyo, tena ni bondeni kando ya Ruaha Mdogo wakati upepo uko juu mjini.

Gesti za stendi: chumba cha nyuma, mbali na spika za baa, usiku mmoja, uondoke.

Njombe haihusiki na makala hii, huko hata Oktoba utaomba blanketi la pili. Kyela nako ni habari nyingine. Iko ndani ya mkoa wetu wa Mbeya, ila ni kando ya Ziwa Nyasa, ambalo halifiki mita 500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Kyela haupoi kama wetu. Ukienda huko lipia kiyoyozi bila kubishana.

Kinachonikera ni bei. Hoteli inafunga kiyoyozi Mbeya, mji ambao usiku unakupa baridi bure, kisha inaongeza elfu ishirini juu ya chumba cha feni. Ili kiyoyozi kiwe na maana dirisha limezibwa, kwa hiyo mgeni analipia kunyimwa hewa. Ukiuliza chumba cha bei ya juu kina nini zaidi, unaambiwa kochi na friji ndogo. Sijawahi kusikia mapokezi wakitaja dirisha. Msimu wa mahafali ukifika wanapandisha tena, hata kile cha kutazama korido.

Na picha! Ukiomba kwa WhatsApp unatumiwa kitanda chenye taulo zilizokunjwa bata, sinki, na geti la nje. Mimi naandika hivi: "Naomba picha ya dirisha likiwa limefunguliwa, ipigwe kutokea kitandani." Wanaojibu ni wachache, na wengine wanauliza kama mimi ni mkaguzi. Asiyetuma simtumii hela ya kushikilia chumba. Anayetuma picha ya pazia lililofungwa ameshanijibu, naye simtumii.