Begi la mlimani nililolipeleka baharini: siku 12 kutoka Moshi hadi Pemba

Begi nililinunua Memorial, soko la mitumba la hapa Moshi, mwezi wa tano. Ni la lita 65, kijani iliyopauka, nembo imeshabanduka zimebaki nyuzi tu. Muuzaji alianza na elfu 70, mimi nikaanza na 25, tukakutana kwenye 42. "Dada, hili limeshuka mlimani kwa njia ya Mweka juzi juzi," aliniambia, "mgeni kamwachia mpagazi." Nilimwamini, maana mabegi mengi mazuri ya mji huu yanapita njia hiyo. Mgeni anapanda mlima, akishuka anamgawia vifaa aliyembebea, na mpagazi mwenye ada ya watoto ya kulipa anavipeleka sokoni.

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Majengo, kwa hiyo kabla ya kutaja bei nililigeuza begi lote ndani nje. Naandika haya kwa sababu kila likizo naona watu wakijiandaa kwa safari ya visiwani, wananunua begi kwa kuangalia rangi na ukubwa, halafu wanarudi mabega yamechubuka na nguo zimelowa chumvi.

Kitu cha kwanza kukitafuta ni pale mkanda wa bega unapoungana na mwili wa begi. Kila unapolinyanyua begi kwa mkono mmoja, mzigo wote unaning'inia hapo. Kwenye hili langu mkanda umeingizwa ndani ya mshono, haukubandikwa juu, na umepigwa zigizaga fupi, nene, zilizobanana kama punje za mchele. Nilikanyaga begi kwa mguu nikauvuta mkanda kwa nguvu zangu zote, uzi haukulia. Zipu ni za meno ya nailoni, jambo lililonifurahisha, kwa kuwa meno ya chuma hayana maisha marefu pwani. Klipu ya kiunoni ilikuwa nzima. Chini kabisa, kwa ndani, niliona utando wa kuzuia maji umeanza kubanduka, kipande cha kama kiganja. Nikajisemea hicho si kitu. Nitakirudia, maana ndicho kilichonitesa.

Tulikuwa wanne: mimi, shoga yangu ambaye ni muuguzi, mdogo wangu wa kiume, na rafiki yake mpagazi wa Kilimanjaro. Huyo kijana amefika Uhuru, mita 5,895, mara nyingi kiasi kwamba ameacha kuhesabu, lakini bahari hakuwahi kuiona. Safari yenyewe ilizaliwa hapo. Siku moja alisema hivyo mezani kwetu tunakula mtori, mama akaweka kijiko chini akamwangalia, na mwezi wa saba tukaondoka.

Jioni ya kuamkia safari mpagazi huyo alikuja kibandani, akachukua futi iliyokuwa shingoni kwangu akanipima mgongo. Alianzia kwenye ule mfupa unaochomoza ukiinamisha kichwa, akashuka hadi usawa wa juu wa mifupa ya nyonga. Sentimita 43. Akapashusha ngazi moja mahali mikanda ya mabega inaposhikizwa mgongoni mwa begi, akanifunga mkanda wa kiunoni juu ya mifupa ya nyonga, wala si tumboni, akaukaza huo kwanza kabla ya kukaza mikanda ya mabega. "Dada, bega halibebi mzigo. Nyonga ndiyo inabeba, bega linazuia tu begi lisikuvute nyuma." Nilitembea na kilo 11 kutoka Majengo hadi mnara wa saa na kurudi. Wiki moja kabla nilikuwa nimejaribu peke yangu na kilo 8, mikanda ya bega ndiyo nimeikaza, na usiku ule nililala kwa kupaka dawa ya misuli. Tofauti ni kubwa hivyo. Vitu vizito alivipanga katikati, vikigusa mgongo, nguo laini chini, na vya kutafutwa haraka juu. Mlimani mpagazi haruhusiwi kuzidisha kilo 20, na anayezibeba siku 6 mfululizo anajua anachokisema.

Ndani ya begi nilishona mfuko. Zamani watu walitandika mfuko mkubwa wa plastiki, lakini mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku huku Bara tarehe 1 Juni 2019, na Zanzibar walitutangulia. Nilipata kipande cha hema kuukuu palepale Memorial kwa elfu 6, nikakishona kama gunia, mishono miwili miwili, nikapitisha nta ya mshumaa juu ya kila mshono, na mdomo nikauacha mrefu ili ukunjike mara tatu kabla ya kufungwa. Ilinichukua saa moja. Katika vyote tulivyobeba, hakuna kilichotusaidia kama hicho.

Shoga yangu alikuwa na begi jipya, jekundu, la elfu 55 kutoka duka moja la Arusha. Nililigeuza pia. Mkanda ulikuwa umebandikwa juu ya kitambaa kwa mshono mmoja wa kawaida. Nikamwomba niupige cherehani japo mara mbili, akasema kitu kipya hakishonwi. Sikutaka kumkera mwanzo wa safari, nikaacha. Ningemsisitiza.

Treni ya Moshi, ile iliyorudi Desemba 2019 baada ya reli kulala miaka mingi, ilitufikisha Dar asubuhi. Humo begi halikuwa na kazi zaidi ya kuwa mto. Kazi ilianza tuliposhuka stesheni tukaamua kwenda Kivukoni kwa miguu, tukiifuata Barabara ya Sokoine. Si mbali: hata hujaufikia mnara wa Azania Front unalikuta Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, na boti za Zanzibar ziko ng'ambo ya barabara. Lakini begi hili limetengenezwa kwa ajili ya baridi. Sponji ya mgongoni ni nene, imejaa, haipitishi upepo hata kidogo. Nilipofika kanisani blauzi ilikuwa ya kukamua. Anayekwenda pwani atafute begi lenye wavu mgongoni unaoacha nafasi kati ya ngozi na mzigo. Hilo ni doa la kwanza la begi langu, na halishoneki.

Mpagazi wetu alisimama ukingoni akiangalia maji, mzigo ungali mgongoni. Tulimwita mara mbili.

Mji Mkongwe ulinifundisha jambo lingine. Vichochoro ni vyembamba, na mimi nilikuwa nimejaza mifuko ya ubavuni chupa za maji na viatu. Nikageuka kumpisha hamali na mkokoteni wake, ubavu wa begi ukakwangua chokaa ya ukuta wa watu, nikaona aibu. Siku hiyohiyo nilihamishia kila kitu ndani, begi likawa refu na jembamba. Hapo hapo nikaipenda baraza. Ile ya mawe mbele ya nyumba za Waunguja ina urefu unaolingana na nyonga: unageuka, unakaa, begi linatua lenyewe nyuma yako, unafungua klipu unainuka mwepesi. Kuvaa ni vivyo hivyo. Moshi nalivaa kwa kuliburuza juu ya goti, na kila mara mgongo unanilaumu.

Siku ya tatu, tukitokea Darajani, mkanda wa begi jekundu uling'oka. Haukukatika, ulichomoka mzima na kipande cha kitambaa, begi likaanguka kwenye tope la mvua ya asubuhi. Shoga yangu alitaka kulia. Tukaulizia fundi, tukaelekezwa Mkunazini, tukamkuta mzee anashona kanzu kwenye baraza ya duka lake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamweleza kwamba na mimi ni fundi, natokea Moshi, na nikamwomba anipishe kwenye cherehani yake kwa dakika kumi. Aliliangalia begi, akaniangalia vidole, akainuka. Sindano iliyokuwemo ilikuwa nyembamba, ya kushonea kanzu. Bila kuambiwa akafungua kopo la halua akatoa namba 18. Nilifumua ubavu, nikauingiza mkanda ndani ya mshono sentimita tano, nyuma yake nikaweka kiraka cha kitambaa kigumu, nikapiga mraba na msalaba katikati. Kwenye unene ule mashine ingegoma, kwa hiyo mzee alizungusha gurudumu kwa mkono, pole pole, tundu moja moja, mimi nikiongoza kitambaa. Hatukuzungumza mpaka tukamaliza. Pesa alikataa. Tulimwachia machungwa, akatuombea dua ya safari. Mshono ule haujafunguka hadi leo.

Boti ya kwenda Pemba ndiyo iliyolipima begi kweli. Mwezi wa saba ni kusi, ule upepo wa kutoka kusini, na mkondo wa Pemba una kina kirefu na mawimbi yake. Tuliambiwa mabegi yote makubwa yakae nje, nyuma, chini ya turubai. Turubai lilikuwa dogo kuliko mizigo. Mara mbili maji yaliruka yakamwagikia kila kitu, na nilipomwendea mhudumu alinijibu kwamba bahari ndivyo ilivyo. Watu waliokuwa na mabegi madogo waliyapakata, yakafika makavu. Tulipofika Mkoani begi langu lilikuwa linachuruzika, lakini nilipofungua ule mfuko wa hema, kanga zangu zilikuwa kavu kabisa, zina joto hata. Begi jekundu lililowa hadi vitambulisho. Nilimpa shoga yangu kanga mbili akabadilishia kwenye choo cha bandarini.

Njia ya Chake Chake ilikuwa na majamvi ya karafuu pembeni, mavuno ndiyo yanaanza. Mama mwenye nyumba tuliyofikia alikuwa ameanika za kwake uani. Alipotuona na nguo mbichi alisogeza jamvi akasema, "Leteni, wanangu, jua ni moja." Nguo zetu zilikauka kando ya karafuu. Begi linanukia karafuu mpaka leo, na hilo silisafishi.

Kidike tuliwaona popo wakubwa wa Pemba, ambao duniani hawapatikani kwingine, wananing'inia mitini mchana kweupe. Wesha tulichukua mashua kwenda Misali, kisiwa ambacho wenyeji wanasimulia kwamba jina lake linatokana na mswala wa Nabii Khidhri. Begi lilisafiri tumboni mwa mashua, maji yakicheza chini yake. Mfuko wa ndani ulishika tena.

Sasa ule utando. Siku ya tisa nilipenyeza mkono kati ya mfuko na begi, vidole vikatoka na gundi na magamba meupe. Kile kipande cha kiganja kilikuwa kimeenea chini yote hadi nusu ya ubavu. Utando wa namna hii ni wa poliyurithani, aina ya plastiki, na kinachouvunja ni joto likiungana na unyevunyevu. Begi kuukuu ambalo limelala stoo miaka kadhaa limeshachoka, na hewa ya Pemba inamalizia kazi. Kwa hiyo ukienda kununua la mtumba, kabla ya zipu na kabla ya rangi, ingiza mkono hadi chini usugue kwa kidole gumba. Kikinata, au ukasikia harufu kama ya matapishi, shusha bei sana au liache. Mimi nililiona doa nikalipuuza, na hilo ni kosa la fundi.

Kichwa cha zipu, ambacho ni cha chuma, kiligoma tukiwa njiani kurudi. Meno hayakuwa na tatizo, chumvi ilikuwa imeganda ndani ya kichwa. Maji ya uvuguvugu, mswaki wa zamani, kisha mshumaa juu ya meno, kikateleza. Begi zima nililisuuza kwa maji baridi mara tatu nikalianika kivulini, kwa kuwa jua kali linakula nailoni. Utando niliutoa wote kwa kitambaa na spirit aliyoniletea shoga yangu. Nilimaliza chupa mbili na vidole vilikauka wiki nzima.

Ningelinunua tena? Ndiyo, kwa elfu 30, kwa ajili ya mishono yake na ule mkanda wa kiunoni. Ila lita 65 kwa visiwani ni nyingi, sikujaza hata 45, na ukubwa huo ndio uliolipeleka nje ya boti. Begi linalopakatika lingebaki nami ndani.

Mwezi wa 11 shoga yangu anakwenda Mafia kuangalia papa potwe, atapitia Nyamisati kuvuka hadi Kilindoni, na ameniomba hili la kijani, jekundu anamwachia mdogo wake. Bitana mpya nimeshaikata, naishona Jumamosi. Mkanda wa kiunoni nimeupunguza sentimita sita, yeye ni mwembamba kuliko mimi, na jana alikuja kibandani nikampima mgongo: 40.