Kitochi cha kazi: uzoefu wangu na Nokia 105 kwenye ufundi friji

Simu yangu ya kazi haina kamera, haina intaneti, na kioo chake hakizidi inchi 2. Ni kitochi, Nokia 105 ya toleo la 2022, nimeichukua Kariakoo kwa elfu hamsini. Mimi ni fundi friji na AC, maskani Tabata, na kwa kazi hii sioni kwa nini nijitwishe simu janja ya pili.

Najua swali linalofuata: na WhatsApp je? Mteja wa siku hizi hakuelezi friji lina nini, anakurekodia video likinguruma anakurushia. Sawa, lakini laini na WhatsApp si lazima vikae kwenye simu moja. Laini ya kazi iko kwenye kitochi. Kwenye simu janja niliyokuwa nayo siku zote nikapakua WhatsApp Business, nikaisajili kwa namba ile ya kazi. Tarakimu za uthibitisho zikaingia kwa SMS kwenye kitochi, nikazijaza, kazi imekwisha. WhatsApp ya ndugu na marafiki ipo palepale na namba yake ya zamani, wala hazigombani. Hiyo ya Business ni bure, ipo tangu 2018, na ina majibu ya haraka: nimeshaandika mapema gharama ya kuja kukagua na maeneo ninayofika, kwa hiyo akija wa "fundi bei gani?" naandika mkwaju na herufi moja, jibu zima linatokea. Ukifuata njia hii, weka PIN ya uthibitishaji wa hatua mbili, na usiache laini ilale miezi bila kutumika. Laini iliyokufa hugawiwa mtu mwingine.

Dukani nilishawishiwa sana nichukue simu janja ya bei ya chini. Tangazo linasema RAM (kumbukumbu ya kuendeshea programu) GB 8. Soma boksi vizuri utakuta 4 ni za kweli na 4 zimeazimwa kwenye nafasi ya kuhifadhia picha, ambayo kasi yake haifiki ya RAM. Kwa WhatsApp na kupiga simu ingenitosha, sikatai. Ila ongeza kava, protekta, bando la pili, na roho juu kila ukipanda daladala. Kuna pia vitochi vyenye intaneti, vile vya mfumo wa KaiOS. Hivyo pita navyo mbali kama unataka WhatsApp, maana mwaka 2024 ilifungwa isipakuliwe tena kwenye simu hizo.

Sasa kazini. Kitu nilichokipenda kuliko vyote ni tochi, na sikukinunua kwa ajili ya tochi. Fikiria friji la jikoni lililobanwa kati ya ukuta na kabati, nimelaza shavu ukutani, natafuta kibandiko cha kompresa nijue ni gesi ya R134a au R600a. R600a inashika moto, hapo hubahatishi. Simu janja kwenye upenyo ule haigeuki, maana taa yake iko mgongoni. Kitochi taa iko kichwani: unakiingiza kama bisibisi, unasoma. Kikidondoka, na huwa kinadondoka, unakifuta vumbi mnaendelea.

Betri ni ndogo. Ukisikia ukubwa wake unacheka, lakini hakuna kinachoila. Nachaji Jumapili na katikati ya wiki, basi, na simu za wateja zinaingia kutwa. Chaji yake ni ile ya pini ya zamani ya micro-USB, kwa hiyo usitarajie kuchangia waya na simu mpya.

Pesa inapita bila shida. Kitochi hiki ni cha 2G, na menyu ya pesa kama *150*00# haihitaji zaidi ya hapo. Mteja akisema "nimeshatuma fundi," sisomi meseji tu, nafungua menyu naangalia salio. Meseji za kughushi zimezagaa, na kwenye kioo kidogo vile zote zinafanana.

Hapo kwenye meseji ndipo pa kuwa makini. Nokia wenyewe wanasema inabeba SMS 500. Kwa mtu wa kawaida ni nyingi, kwa anayelipwa kwa simu zinajaa upesi kwa sababu kila muamala una meseji yake, bado matangazo ya mitandao. Mwisho wa wiki nahamishia malipo kwenye daftari halafu nafuta. Majina inabeba 2000, hapo hakuna neno. Majina yangu ni ya mashine kuliko ya watu: "Friji Segerea ghorofa ya 2", "AC duka la dawa". Mtu akipiga najua nibebe nini.

Faida nyingine ni kwamba nikitoka, kitochi namwachia kijana wangu pale karakana apokee. Hakuna picha za familia humo, na PIN ya pesa ninayo mimi. Saa mbili usiku kinazimwa. Wenye bucha na wenye dawa za kutunzwa kwenye baridi nimewapa namba yangu ya nyumbani, wale shida yao haingoji asubuhi.

Kama kazi yako ni ya kupeleka mizigo au ya kupokea oda kwa programu, hiki hakikufai, unahitaji ramani mkononi. Kwa fundi, wakala wa pesa au mwenye genge, nunua. Kabla hujatoa hela bonyeza *#06#, chukua ile IMEI (namba ya utambulisho wa simu) uitume kwa SMS kwenda 15090 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Ikirudi na jina la simu tofauti na iliyo mkononi mwako, mrudishie mwenyewe.