Shahada ya Ualimu kwa Masafa: Tathmini ya Mwanafunzi wa Arua

Sera ya Taifa ya Walimu ya mwaka 2019 ilipoagiza kwamba kila mwalimu nchini Uganda awe na shahada, wengi wetu tulio mbali na Kampala hatukuwa na njia ya kutimiza sharti hilo bila kuacha darasa, isipokuwa elimu ya masafa. Nafundisha shule ya msingi jijini Arua, nami nasoma shahada ya ualimu kwa masafa katika chuo kikuu ambacho sitakitaja.

Huduma hii naipima kwa jambo moja: je, kazi ya mwanafunzi hurudi kwake ikiwa imesahihishwa na mtu aliyeisoma? Kipimo hicho ni cha zamani. Isaac Pitman alipoanza kufundisha hatimkato, yaani kuandika haraka kwa alama fupi, kwa posta nchini Uingereza mwaka 1840, wanafunzi walimtumia mazoezi yao, naye akayasahihisha na kuwarudishia. Chuo Kikuu cha London, kilipofungulia watahiniwa wa nje, yaani wasiosoma chuoni, mitihani yake mwaka 1858, kilitoa shahada bila kutoa mwalimu. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1971, hakikuridhika na vipindi vya BBC peke yake, bali kiliweka wakufunzi wa kusahihisha kazi kwa maelezo ya maandishi. Kwetu, Makerere ilianzisha shahada za kusomea nje ya chuo mwaka 1991, ikitegemea vijitabu na vikao vya ana kwa ana.

Vijitabu ndivyo sehemu bora ya kozi yangu. Kile cha saikolojia ya elimu humtaka msomaji amchunguze mtoto mmoja darasani mwake, aandike anachokiona, kisha ndipo asome nadharia. Kwa mwalimu aliye kazini, huo ni ufundishaji wa hali ya juu, na hauhitaji umeme. Vikao vya wakati wa likizo navyo vina manufaa, ingawa ukumbi hujaa mno.

Mfumo wa mtandaoni hufunguka vizuri hata kwenye simu ndogo. Hata hivyo, mihadhara imewekwa kwa video tu, na tangu Julai 2021, kodi ya asilimia 12 ilipowekwa kwenye bando, kuitazama yote ni mzigo kwa mshahara wa mwalimu. Sauti peke yake ingetosha kwa masomo mengi.

Palipo na upungufu mkubwa ni katika usahihishaji. Kazi nyingi hurudi zikiwa na alama tupu, tena baada ya mtihani ambao zilikusudiwa kututayarishia. Ni mkufunzi wa mtaala pekee aliyefanya kama inavyopasa: alipigia mstari hoja yangu ya pili, akauliza ushahidi wake darasani uko wapi, akanielekeza ukurasa wa kusoma tena. Nilijifunza zaidi katika mistari yake michache kuliko katika video zote za muhula ule, na inaniuma kwamba wenzangu wa makundi mengine hawakuipata nafasi hiyo.

Kwa mwalimu mwenye nidhamu ya kujisomea, naipendekeza kozi hii kwa ajili ya vijitabu vyake. Ila kabla ya kulipa ada, aulize ofisi ya kituo ni nani atakayesahihisha kazi zake, anasimamia wanafunzi wangapi, na atazirudisha lini, kisha aombe majibu hayo kwa maandishi.