Uzoefu Wangu wa Miezi Minane na Programu ya Kujifunzia Poka

Nimelelewa Chake Chake, na karata nilizozijua tangu utotoni ni za wahed wa sitini, zinazochezwa na watu wanne, wawili wawili, baada ya sala ya alasiri kwenye baraza ya nyumba ya ami yangu. Nilipoipakua programu ya poka kwenye simu mwaka jana sikuwa mgeni wa karata, bali mgeni wa poka tu, na ninaomba maoni yangu yasomwe kwa kuzingatia hilo. Jina la programu silitaji kwa sababu ninazo lawama, na programu za namna hii zimefanana kiasi kwamba yale ninayoyaeleza mtu atayakuta katika nyingi.

Kilichonivuta ni habari fupi ya Chris Moneymaker, Mmarekani aliyekuwa mhasibu, ambaye alipata nafasi ya kuingia mashindano ya World Series of Poker ya mwaka 2003 kwa kushinda mchezo mdogo wa intaneti, kisha akaibuka mshindi kati ya washiriki 839 na kuondoka na dola milioni 2.5. Mwaka uliofuata washiriki walifika 2,576. Mimi nami ninatunza vitabu vya hesabu, vya duka la jumla, na nikajiuliza ni hesabu gani aliyoipiga mwenzangu huyo. Dola zake sikuzitamani. Kucheza kwa pesa ni kamari, na kamari kwetu ni haramu, jambo ambalo halina mjadala. Programu hii hutoa sarafu za bure kila siku, na kwa hizo nilianza.

Mchezo wenyewe, wa aina ya Texas Hold'em, nilifundishwa na programu kwa nusu saa. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano hufunuliwa mezani: tatu kwa pamoja, halafu moja, halafu ya mwisho, na kila hatua mtu huamua kufuata dau, kuliongeza au kutupa karata zake. Kuelewa hayo si kazi. Kazi ilikuwa kusahau niliyokuwa nikiyajua.

Katika wahed wa sitini ree ina pointi 11 na saba ina pointi 10, kisha wanafuata wazungu: mfalme ana 4, ghulamu 3 na bibi 2, ndiyo maana wazee huwaita mzungu wa nne, mzungu wa tatu na mzungu wa pili. Karata zote zikijumlishwa ni pointi 120, na upande uliofikisha 61 umeshinda. Mtu aliyekulia humo akipewa saba hufurahi kabla hajafikiri. Basi wiki ya kwanza nilipewa saba ya kopa na mbili ya shupaza, nikaongeza dau kwa raha zangu, nikafuata mpaka karata ya mwisho, na nikafilisiwa na mtu aliyekuwa na bibi wawili. Nilipofungua sehemu ya mafunzo nikakuta kwamba saba na mbili za aina tofauti ndizo zinazohesabiwa kuwa mbovu kuliko zote za kuanzia, kwa kuwa hakuna mfuatano wa karata tano unaoweza kuzibeba zote mbili, na hata zikipata jozi, jozi hiyo ni ndogo. Mara nyingine nilimwona ghulamu wangu kuwa mkubwa kuliko bibi wa mwenzangu, na nikadhani programu imeharibika.

Sehemu hii ya mafunzo ndiyo iliyonifanya nisiifute. Inaonyesha kwamba karata mbili za mwanzo zinaweza kupatikana kwa namna 1,326, ambazo kimsingi ni aina 169 tu, na zote 169 zimepangwa katika jedwali moja la miraba, zenye nguvu juu kushoto. Kupata ree mbili ni mara moja kwa wastani wa mara 221. Pia kuna kipimo kinachomwonyesha mchezaji ni asilimia ngapi ya karata alizopewa amezicheza badala ya kuzitupa. Changu mwezi wa kwanza kilikuwa 71, na sasa ni 24. Kwenye wahed wa sitini hakuna kutupa: ulichogawiwa utakicheza chote, kizuri na kibaya, na mwenzako akusaidie. Kukaa kimya raundi sita mfululizo huku wengine wanaendelea ilinichukua muda kuzoea, na nakiri kwamba ndicho ninachokipenda zaidi sasa.

Baada ya miezi mitatu nikaupeleka mchezo barazani. Bao la ami lina komwe 64, tukazigawa kwa watu wanne, kila mmoja 16, zikawa ndiyo sarafu zetu. Ami alitutazama kwa muda, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hii si kamari hii?" Nikamjibu, "Hapana, ami, hizi komwe zinarudi kwenye bao pale pale." Akasema, "Leo komwe, kesho senti," na akataka bao lake arudishiwe kabla ya magharibi. Tumelifuata sharti hilo mpaka leo.

Niliona barazani kitu ambacho programu haiwezi kukifundisha. Komwe 16 zikikuishia umetoka, nawe utakaa unawatazama wenzako, hivyo kila mtu hufikiri kabla ya kutia. Kwenye simu sarafu ni za bure na kesho zitakuja nyingine, kwa hiyo karibu kila meza ina mtu anayetia zote raundi ya kwanza bila kuangalia karata. Kuzuga, yaani kuongeza dau ukiwa na karata mbovu ili wengine waogope na kutupa zao, hakuna maana mbele ya mtu asiyeogopa kupoteza.

Lawama yangu kubwa zaidi ni biashara yake. Sarafu zikikuisha, dirisha la kukuuzia nyingine kwa pesa halisi hufunguka papo hapo, na kitufe cha kulifunga ni kidogo na kimefifia pembeni. Sarafu hizo haziwezi kubadilishwa kuwa pesa tena, kwa hiyo mtu ananunua haki ya kuendelea kubonyeza tu. Taarifa za kumwita mchezaji arudi mezani huja wakati wowote. Mimi zilinijia msikitini, nikazizima zote siku hiyo. Mafunzo yote ni ya Kiingereza, na kijana anayesoma kwa Kiswahili tu atapata shida.

Nimeipa nyota tatu kati ya tano, zote kwa ajili ya jedwali na kile kipimo. Anayetaka kuitumia kwenye boti ya kutoka Mkoani, Pemba, kwenda bandari ya Malindi, Unguja, ajue kwamba mtandao ukikatika katikati ya mkondo, programu humhesabu kuwa ametupa karata, na dau alilokwisha kuliweka halirudi. Mimi hilo lilinipata nikiwa na wafalme wawili.